Kumuuliza Mtoto Aliyeshuhudia

Mwalimu wa shule ya msingi hupelekewa mashtaka karibu kila siku: kalamu imepotea, mtoto kapigwa, dirisha limevunjwa. Huwaita walioona, akawauliza, kisha akakata shauri. Wengi wetu hudhani kuwa kumbukumbu ya shahidi ni picha iliyohifadhiwa sandukuni, na kazi ya swali ni kulifungua sanduku tu. Utafiti wa saikolojia waonyesha sivyo.

Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani walichapisha majaribio mawili. Katika la kwanza, wanafunzi 45 wa chuo kikuu walionyeshwa filamu za ajali za magari, kisha wakaulizwa magari yalikwenda kwa mwendo gani. Swali lilikuwa lile lile, ila kitenzi kilibadilishwa. Walioulizwa kwa neno lenye maana ya "yalipopondana" walikadiria, kwa wastani, karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana", karibu maili 32.

Jaribio la pili lilikuwa la wanafunzi 150. Baada ya juma moja waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, ingawa filamuni havikuwamo. Kati ya 50 walioulizwa awali "yalipopondana", 16 walijibu kuwa waliviona. Kati ya 50 walioulizwa "yalipogongana", 7 tu.

Hawa hawakukusudia kusema uongo. Watafiti walieleza kwamba neno la muulizaji lilikuwa limechanganyika na kumbukumbu yao. Nao walikuwa watu wazima. Mtoto mdogo, apendaye kumridhisha mwalimu wake, huyumbishwa kwa urahisi zaidi. Mwalimu aulizaye, "Juma aliificha wapi kalamu?" amekwisha kumhukumu Juma. Adhabu yaweza kumwangukia asiye na kosa, na jina la mwizi likamganda.

Basi tuzingatie haya:

1. Tuanze kwa kusema, "Nieleze ulichokiona," tukamwacha mtoto amalize.
2. Tuwaulize mashahidi mmoja mmoja, kabla hawajasimuliana.
3. Tusitaje jina wala jambo ambalo mtoto hajalitaja.
4. Tusirudie swali kwa kuwa jibu halikutupendeza; mtoto atadhani amekosea, naye atalibadili.
5. Tulipokee neno "sijui" kama jibu kamili.

Zoezi: Yaandike upya maswali haya ili yasimwelekeze shahidi: (a) Nani alimsukuma Asha? (b) Je, jiwe lililovunja dirisha lilikuwa kubwa? (c) Uliwaona wavulana wakikimbia, sivyo?