Kiungo katika Lugha na Uwanjani: Mfano wa Kim Little

Katika Kiswahili cha kandanda, mchezaji wa safu ya kati huitwa kiungo. Neno hili limetokana na kitenzi ‘unga’, na lilikuwa likitaja maungio ya mwili na vikolezo vya mchuzi kabla ya kuingia uwanjani. Upatanisho wake nao wafaa kuchunguzwa: kiungo cha goti kimeumia, ilhali kiungo wa timu ameumia. Umbo limesalia la KI-VI, sarufi imehamia A-WA.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kiungo huunganisha ulinzi na ushambulizi. Maelezo hayo si mabaya, ila ni finyu, kama wasifu wa Kim Little unavyobainisha. Mwanasoka huyu alizaliwa mwaka 1990 mjini Aberdeen, Uskoti, akaichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 16. Mwaka 2008 alitoka Hibernian akajiunga na Arsenal ya London. Mwaka 2013 alikuwa mwanamke wa kwanza kutuzwa na chama cha wanasoka wa kulipwa nchini Uingereza kuwa mchezaji bora wa mwaka. Msimu uliofuata, akiwa Seattle Reign nchini Marekani, alifunga mabao 16, akaongoza ligi nzima kwa ufungaji na kutangazwa mchezaji wake bora. Kiungo, wala si mshambuliaji!

Hata hivyo, mwaka 2017 maana mbili za neno hili ziligongana. Wanawake wa Uskoti walikuwa wamefuzu kwa mara ya kwanza kushiriki fainali za Kombe la Ulaya. Miezi michache kabla ya mashindano, kano ya goti la Little ilikatika mazoezini. Timu ilikwenda Uholanzi bila yeye, ikachapwa 6-0 na Uingereza katika mechi ya kwanza.

Kombe la Dunia la 2019 alilifikia. Jijini Paris, dhidi ya Argentina, ndiye aliyefungua ukurasa wa mabao, na Uskoti ikaongoza kwa 3-0. Zikiwa zimesalia takriban dakika ishirini, mambo yaligeuka: Argentina ilirudisha yote matatu, la mwisho kwa penalti iliyorudiwa katika dakika za nyongeza, na Waskoti wakaaga mashindano. Little alistaafu soka ya kimataifa mwaka 2021, baada ya mechi 140 na mabao 59.

Arsenal hakuiacha. Klabu hiyo ilikuwa imetwaa Kombe la Mabingwa la Ulaya mwaka 2007, yaani mwaka mmoja kabla ya yeye kufika. Iliongoja hadi Mei 2025, jijini Lisbon, ilipoilaza Barcelona 1-0. Bao lilifungwa na Stina Blackstenius. Little, mwenye umri wa miaka 34, alikuwa nahodha.