Wakala Aliyepewa Kusoma Pekee: Maswali na Majibu

Wakala wetu wa akili mnemba hukagua msimbo kwa kusoma pekee, haandiki wala hafuti; hofu ya nini?

Barua kadhaa, za hapa Ziwa, za Turbo na za Eldoret mjini, zimeuliza hivyo kwa maneno mbalimbali, nami nazijibu kwa pamoja, kwa kuwa dhana hii naichukia kuliko zote. Mwenye kuishika hudhani kuwa madhara yote hutoka katika kuandika, ilhali siri yatosha isomwe na asiyestahili ndipo iwe imepotea. Mathalan, mgeni aleta ombi la mabadiliko katika msimbo wako, na ndani ya maelezo yake ameficha amri ya kumtaka wakala atafute ufunguo wa malipo ya M-Pesa na kuutaja katika maoni yake. Wakala, ambaye hawezi kutegemewa kupambanua amri ya mwajiri wake na maneno aliyoyakuta katika faili, huenda akatii. Udhaifu huu Simon Willison aliupa jina mwaka 2022, na haujapata dawa kamili. Utasema umemkataza kutoa maoni. Vema, lakini je, aweza kufungua tovuti? Kufungua anwani huhesabiwa kuwa ni kusoma, na hali anwani yenyewe yaweza kubeba ule ufunguo mkiani mwake hadi kwenye seva ya mwizi. Basi mahali palipokutana siri, maandishi ya mgeni na njia ya kutokea, ondoa moja katika hayo matatu. Na iliyo rahisi kuondoa ni njia: mfungie wakala mtandao, ripoti yake aiweke mahali pamoja tu, nawe uisome kabla haijatangazwa.

Nimemwandikia asiguse chochote. Haitoshi?

Haitoshi. Maagizo yako huyasoma wakala. Seva huangalia tokeni tu, yaani kibali cha kuingilia ulichompa wakala.

Aliyetunga kifaa anachotumia wakala amekitia alama ya kusoma pekee. Nimwamini?

Katika MCP, itifaki ya kuunganisha wakala na vifaa iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, alama hiyo ni dokezo la mtunzi, wala si kizuizi. Kizuizi ni tokeni yenyewe: iwe ya kusoma, ya ghala moja la msimbo, na yenye siku ya kuisha.

Nimefuta nywila katika faili. Bado ataiona?

Ataiona katika historia ya Git. Ibadilishe leo.

Mfumo wa zahanati yetu ni msimbo huria. Kuna siri gani?

Ikiwa mfumo huo ni OpenMRS, ambayo chimbuko lake ni kumbukumbu za wagonjwa zilizoanzishwa Mosoriot mwaka 2001, na ambayo ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, msimbo wake ni wa walimwengu wote, na wakala ausome apendavyo. Majina ya wagonjwa si ya walimwengu. Nakala ya hifadhidata iliyosahauliwa kando ya msimbo huo itasomwa pamoja nao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitauliza kama msomaji alikuwa mtu au mashine. Itakupa saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data.

Kuna bwana auzaye programu ya kinga kamili. Ninunue?

Mwulize programu yake yatumia tokeni gani, yafika wapi, na yaisha lini. Akibabaika, fedha zako zibaki mfukoni.

Nanyi mnaosubiri kujibiwa, kabla ya kuniandikia tena fungueni orodha ya tokeni zenu, mkafute kila moja isiyojulikana mwenyewe.