Maswali na Majibu: Tishu za Mwili wa Binadamu

1. Tishu ni nini?

Ni kundi la seli zinazofanana umbo na asili, pamoja na vitu vilivyo katikati yake, vinavyoshirikiana kufanya kazi fulani. Hapo kwenye "vitu vilivyo katikati" ndipo alama za mtihani hupotea. Ukijibu "kundi la seli" tu, utakwama ukiulizwa juu ya mfupa, ambao sehemu yake kubwa si seli bali ni kolajeni na madini ya kalisi.

2. Zipo aina ngapi za msingi?

Nne: tishu funikizi (wengine huiita epitheliamu), tishu unganishi, tishu ya misuli na tishu ya neva. Hazikuhesabiwa nne tangu mwanzo. Mfaransa Xavier Bichat, aliyefariki mwaka 1802 akiwa na miaka 30 tu, alitaja aina 21, tena bila kutumia hadubini. Hilo hutaulizwa, ila ni vizuri kujua kwamba mgawanyo huu ni kazi ya watu waliotazama na kubishana.

3. Nikionyeshwa mchoro nisioujua, nianzie wapi?

Usianze na umbo la seli. Tazama nafasi iliyo kati yake. Seli zikiwa zimebanana kama matofali ukutani, huku upande mmoja ukiwa wazi na mwingine umekalia utando mwembamba, hiyo ni tishu funikizi. Zikiwa zimetawanyika mbalimbali ndani ya nyuzi, majimaji au kitu kigumu, hiyo ni unganishi. Seli ndefu zilizolala sambamba ni misuli. Seli yenye mwili na matawi, moja likiwa refu kupita mengine, ni ya neva.

4. Tishu funikizi haina mishipa ya damu. Inaishije?

Oksijeni na chakula hupenya kutoka kwenye tishu unganishi iliyo chini yake. Ndiyo maana mkwaruzo wa juu juu wa ngozi hautoi damu.

5. Kwa nini tishu funikizi ya mapafu haifanani na ya umio?

Swali hili hupendwa sana na watahini, na halijibiwi kwa kukariri. Kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, oksijeni lazima ivuke haraka kuingia kwenye damu, hivyo seli ni bapa na zimepangwa safu moja. Umio hupitisha matonge na miiba ya samaki, kwa hiyo una safu nyingi: za juu zikikwanguka, za chini huzaliana na kuziba pengo. Utumbo mwembamba unafyonza chakula na kutoa ute, nao una safu moja ya seli ndefu, ambazo karibu zote hubadilishwa ndani ya siku chache. Kibofu cha mkojo kina aina ya peke yake: kikiwa kitupu seli za juu huwa za mviringo, kikijaa hujitandaza.

Njia ya hewa nayo ina seli zenye vijinywele vinavyosukuma makohozi na vumbi kuelekea kooni. Kwa mvutaji sigara wa muda mrefu, seli hizo huweza kubadilika zikawa bapa za safu nyingi. Zinastahimili moshi, lakini hazisukumi kitu. Kinachobaki ni kukohoa.

6. Damu ni majimaji. Inaingiaje kwenye tishu unganishi?

Kwa sababu seli zake zimetawanyika ndani ya kitu kingine, yaani plazima, na kwa sababu asili yake ni moja na ya tishu unganishi nyingine. Ukitaka kuziona nyingine, chukua paja la kuku: ncha nyeupe inayong'aa ya mfupa ni gegedu, kamba ngumu inayokwama menoni ni kano, halafu kuna mafuta, na mfupa wenyewe.

7. Kwa nini gegedu huchelewa kupona kuliko mfupa?

Mfupa una mishipa mingi ya damu, gegedu halina.

8. Misuli ya moyo ina milia. Je, ni ya hiari?

Hapana. Milia huonyesha jinsi protini zilivyopangwa ndani ya seli, haielezi nani anaamuru. Misuli ya mifupa ina milia na ni ya hiari. Ya moyo ina milia, ina matawi, na si ya hiari. Misuli laini ya utumbo na mishipa ya damu haina milia, wala si ya hiari. Seli za moyo zikifa kwa kukosa damu, hazirudi kwa kiasi cha maana. Nafasi yake huchukuliwa na kovu, ambalo ni tishu unganishi: linaziba, lakini halidundi.

9. Je, tishu ya neva ni nyuroni tupu?

La. Zipo pia seli za glia, zinazozilinda na kuzihudumia nyuroni.

10. Ngozi ni tishu ya aina gani?

Mtego. Ngozi ni ogani, na ina aina zote nne: funikizi juu, unganishi chini yake, misuli laini inayosimamisha vinyweleo wakati wa baridi, na neva zinazohisi. Ukiungua tabaka la juu tu, kwa kawaida ngozi hupona bila alama. Moto ukizama ndani ya tishu unganishi, hubaki kovu.