Dakika 45, Kisha Mteja Aende Zake

Wateja wapya hapa Kisumu huniuliza swali moja hata kabla ya bei: “Kocha, tutafanya saa moja au mbili?” Nikijibu dakika 45, mara tatu kwa wiki, wengi hudhani nawapunja. Basi huwapigia hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na ya kujenga nguvu angalau siku mbili. Kwangu atapata 135. Akishuka boda mapema kidogo na kumalizia safari kwa miguu siku mbili tatu, ameshavuka.

Dakika nane za kwanza ni za kupasha mwili, thelathini za kazi, zinazobaki za kunyoosha viungo. Ukimwongezea mgeni wa mazoezi nusu saa, mgongo huanza kupinda kwenye skwoti na magoti kuingia ndani. Kesho yake kushuka ngazi ni taabu, na wiki ijayo hapokei simu.

Hata hivyo, 45 si amri. Nina mteja, mama anayeuza omena kwenye ufuo wa Dunga. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku kwa taa na kurudi alfajiri, kwa hiyo saa ninayowapa watu wa ofisi yeye yuko ufuoni na beseni lake. Nimempa saa kumi na moja jioni, na dakika 30 tu. Ameshabeba, ameinama kuanika tangu asubuhi. Kumchosha zaidi hakumsaidii. Tunaimarisha mgongo na nyonga, basi. Usiku wa mbalamwezi taa hazivuti omena vizuri, biashara hupungua, na siku hizo ndizo tunazofanya kipindi kirefu. Kocha wa mwambao huu asiyefuatilia mwezi atapanga ratiba isiyofuatwa.

Kuhusu kuchelewa, sina msamaha. Kipindi cha saa kumi na mbili na nusu asubuhi huisha saa moja na robo, hata mteja akifika saa moja kasorobo, kwa sababu anayemfuata amewahi na amelipa. Liseme hili siku ya kwanza, kwa upole, kisha uliandike kwenye ujumbe. Ukingoja hadi siku mzee wa watu amechelewa, utakuwa umemvunjia heshima. Malipo ni ya mwezi, kwa M-Pesa, kabla hatujaanza. Anayelipa kwa siku huja siku anayojisikia.

Msiba nauweka kando ya sheria zote hizi. Mtu akienda Siaya au Homa Bay kuzika, vipindi vyake vinamngoja hata akikaa wiki mbili. Akirudi, cha kwanza ni dakika 20 za kutembea na kunyoosha, bila vyuma, maana matangani hakulala.