Furaha na Taabu za Tamasha Kubwa la Muziki

Waimbaji wa Unyambwa wameniuliza mara nyingi, na makatekista wa mitaa ya jirani kadhalika, kama yafaa kikundi kutumia fedha ya kuku na ya alizeti kwa kwenda katika tamasha kubwa la muziki, mahali pa mbali, kusikiliza watu wengine wakiimba. Niliwaahidi jibu. Sina jibu la neno moja, maana nimekwenda, nikafurahi, tena nikataabika, na mambo hayo mawili hayakuja kwa zamu, bali yalikuja pamoja. Basi nitaeleza niliyoyaona, na yale niliyojifunza baadaye, ili kila kikundi kijipimie chenyewe.

Kwanza tuliangalie neno. "Tamasha" halikuzaliwa kwetu bara. Asili yake ni katika Kiarabu, nalo lilihusu kutembea pamoja. Waajemi wakalichukua wakalipa maana ya kutembea kwa kuyafurahisha macho. Likapita Bara Hindi, na katika Kiswahili likawa jambo la kutazamwa na kustaajabiwa. Angalieni vema: ndani ya neno hili mna miguu, mna macho, lakini masikio hamna. Mtu aendaye tamashani hupewa safari, hupewa na vitu vya kutazama. Masikio hana budi kuyachukua mwenyewe kutoka nyumbani. Sisi hatukulijua jambo hili tulipoondoka.

Katika nchi yetu matamasha ya namna hii si machache. La Bagamoyo, liandaliwalo na chuo cha sanaa cha huko, limekuwapo tangu miaka ya 1980. Sauti za Busara lilianza Unguja mwaka 2004, nalo hufanyika mwezi wa Februari, jukwaa lake kubwa likiwa ndani ya Ngome Kongwe. Hata hilo, lenye sifa katika nchi nyingi, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha haikutosha. Nalitaja ili waimbaji wetu wasidhani ya kuwa ni wao tu wahesabuo shilingi. Lakini lililo karibu nasi, ambalo twaweza kulifikia kwa siku moja, ni tamasha la muziki wa Kigogo huko Chamwino. Lilianza mwaka 2009, kwa juhudi ya Dkt. Kedmon Mapana, mwenyeji wa huko, aliyefundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mara nyingi limefanyika mwezi wa Julai, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Chamwino ndipo penye Ikulu, walakini siku za tamasha mwenye enzi pale ni mpiga ngoma.

Tulikuwa watu 11. Kwa muda wa miezi miwili tulikusanya nauli na kushona sare, na katika miezi hiyo yote hatukukaa hata jioni moja kuulizana, "Je, tunakwenda kusikia nini?" Mimi nilishika fedha. Nilihesabu nauli ya kwenda na kurudi, nikahesabu chakula cha siku mbili, nikasahau kuwa mtu akishinda juani hunywa maji, na maji ya chupa hayatolewi bure. Kosa hilo lilikuwa langu, na siku ya pili lilizaa manung'uniko ambayo sitayaeleza, maana wenyewe watasoma.

Kutoka Singida mpaka Dodoma ni kama kilomita 240, kwa njia ya Ikungi na Manyoni, na Chamwino i upande wa mashariki wa Dodoma, karibu na njia kuu iendayo Dar es Salaam. Tulifika jua likielekea kuchwa. Wenyeji wakatusalimu, "Mbukwenyi!" nasi tukaitikia kwa Kiswahili, kwa aibu kidogo. Usiku ule tulilala kwa baridi. Sisi watu wa Singida twaujua upepo wa Julai, lakini tulidhani labda Ugogoni haupo, tukaacha mablanketi nyumbani ili mizigo iwe miepesi.

Asubuhi ilikuwa ya ajabu. Vikundi vilitoka huku na huku, kila kimoja na mavazi yake, njuga miguuni, vibwebwe viunoni, wazee kwa watoto, na kila kikundi kilikuwa kikijaribu sauti yake kabla ya kuitwa. Mtu aliyezoea kuimba katika watu 20, tena mbele ya wale wale kila juma, huona moyo wake ukipanuka aonapo watu wengi namna hii waliokuja kwa ajili ya nyimbo tu. Kijana mmoja wetu, ambaye hupenda kuchelewa mazoezi, alisimama saa mbili nzima bila kutafuta kivuli. Furaha hiyo ni ya kweli, wala haipatikani kwa kusikiliza redio.

Lakini ilipofika saa sita mchana nilitambua kuwa sisikii tena. Naliona mikono ikipiga ngoma, naliona midomo ikifunguka, na yote yalikuwa kelele moja. Jicho lina kope la kulifunika, sikio halina. Kikundi kilikuwa uwanjani, vingine viwili vilikuwa vikijiandaa nyuma yetu, na kipaza sauti kilikuwa kikimwita mtu aliyepotea. Vijana wetu walikuwa wameinua simu zao kunasa kila kitu. Tuliporudi nyumbani tulizifungua simu hizo, tukakuta vumbi, migongo ya watu, na mvumo kama wa nyuki. Wimbo mmoja ulio kamili hatukuupata. Tangu hapo nimeshika desturi moja: katika siku ya tamasha nachagua vikundi vitatu, nasogea karibu navyo, na saa zilizobaki nakaa mbali chini ya mti. Nimeambiwa kuwa nafanya ubakhili na nauli yangu. Si kweli. Aliyesikia nyimbo tatu ana nyimbo tatu. Na aliyesikia 40 mara nyingi hana hata mmoja.

Sasa nifike katika jambo lililonipa furaha kuliko yote, nalo lilianza kwa kosa la mwalimu wetu wa kwaya. Walisimama kina mama wa muheme. Hizo ni ngoma nyembamba kiunoni, na wanawake ndio wazipigao, wakizibana katikati ya mapaja, wengine wakicheza na kuimba. Wakaimba kwa sauti zaidi ya moja, moja juu, moja chini, bila kinanda, bila mtu wa kuwaongoza kwa fimbo. Mwalimu wetu akaniinamia akaninong'oneza, "Wazuri, lakini pale juu wamekosea. Sauti ile iko chini kidogo." Nikasikiliza, nikaona ndivyo: si sauti ya kinanda chetu. Ubeti wa pili wakafika pale pale, wakaimba vile vile. Ubeti wa tatu vile vile. Kisha wakaja wanaume wenye mazeze, watu wengine kabisa kutoka kijiji kingine, nao sauti yao ile ilikuwa chini kwa kiasi kile kile. Mwalimu akanyamaza. Watu wakosao hukosa kila mmoja kwa njia yake. Hawa walikuwa wamepatana.

Baadaye nilitafuta maelezo, nayo ni haya. Ukiupiga uzi mmoja wa zeze, huisikii sauti moja tu. Ndani yake mna sauti nyingine ndogo zilizo juu yake, kwa kuwa uzi hutikisika wote, tena hutikisika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Sauti hizo hazikuwekwa na mwanadamu, zimo katika uzi wenyewe. Mtaalamu Gerhard Kubik wa Austria, aliyechunguza muziki wa Afrika kwa miaka mingi, ameeleza kuwa Wagogo huzichukua sauti za nyimbo zao katika ngazi hii hii, kufika ile ya tisa. Sasa, ile ya saba katika ngazi hiyo ni ya chini kidogo kuliko ile iliyo karibu nayo katika vinanda vya kununuliwa, kwa maana vinanda hivyo vimegawanywa na mafundi katika hatua zilizo sawa, ili viweze kupiga nyimbo za kila namna. Basi nani amekosea? Kina mama walikuwa wakiimba kama uzi utikisikavyo. Sisi tulikuwa tukiwapima kwa chombo kilichotoka kiwandani.

Na kupatana kwao kwa sauti ya juu na ya chini kuna kanuni vilevile. Mwenye sauti ya pili hafuati tu ya kwanza kwa hatua zile zile. Huiruka sauti moja iliyo kati katika ngazi yao, na kwa hiyo umbali kati ya waimbaji wawili hubadilika mahali na mahali, mara mpana, mara mwembamba. Mwalimu wa do, re, mi atahesabu mpaka achoke kama hajui siri hii. Mtoto wa Kigogo huijua kwa kukaa karibu na mama yake.

Ilimba nayo niliiona kwa mara ya kwanza kwa karibu. Ni sanduku la ubao lenye ndimi za chuma zipigwazo kwa vidole gumba, na zile kubwa zina ndimi nyingine ambazo hazipigwi kabisa. Kazi yao ni kuitikia tu wenzao wapigwapo. Wasomaji wenye umri watamkumbuka Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1938 na kufa Bagamoyo mwaka 2003, aliyeipeleka ilimba na zeze mpaka Ulaya na kusikilizwa na maelfu. Watu wale hawakujua neno moja la Kigogo. Nadhani hao nao walikuwa wakiziitikia nyuzi kama zile ndimi zisizopigwa.

Jioni ya siku ya pili, shughuli za uwanjani zilipokwisha, tulikaa na mzee mmoja mwenye zeze, pamoja na wajukuu wake. Hapakuwa na kipaza sauti, wala simu iliyoinuliwa, maana zote zilikuwa zimekwisha moto. Aliimba polepole, na wajukuu wakamwitikia. Hapo ndipo nilipoisikia vizuri ile sauti ya saba, wala sikuiona tena kuwa ya chini. Kisha mzee akaliweka zeze magotini, akasema, "Wajukuu zangu, ninyi mmetoka Unyaturu. Haya, nisikieni na mimi nisikie yenu."

Tukasimama tukaimba wimbo wetu ule wa sherehe, ambao kwetu husindikizwa na kinanda. Tuliuimba sawasawa. Mzee alitikisa kichwa kwa adabu. "Huo ni mzuri, babu," akasema, "nao nimeusikia mjini. Bado naungoja wa kwenu." Tukatazamana. Mmoja akaanza wimbo wa kupura uwele, ule ambao bibi zetu waliuimba wakishika mipigo pamoja; ubeti wa kwanza tukauweza, wa pili tukaupapasa, wa tatu tukacheka ili kuficha aibu. Mzee hakucheka. Akalichukua zeze lake akaendelea na zake.

Taabu ya baridi niliisahau kwa wiki moja, na ya fedha kwa mwezi. Hiyo ya jioni ile sijaisahau. Wako watakaosema, "Wa kulaumiwa ni misheni za zamani, zilizokataza ngoma." Ni kweli kwamba katika misheni nyingi za siku zile ngoma zilikatazwa, na hasara ilikuwa kubwa. Lakini haikuwa hivyo kwa kila mtu wala wakati wote. Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani, alichapa mwaka 1964 kitabu cha uchunguzi wa lugha yetu ya Kinyaturu, tena katika miaka ile ile alikusanya nyimbo za Kikristo zenye sauti za Kiafrika, ambazo sharika zetu zimeziimba kwa miaka mingi. Mgeni alipata nafasi ya kuuliza. Wimbo wa uwele haukukatazwa kwangu na mtu yeyote; bibi yangu aliuimba nami nilikuwa nikicheza mpira.

Basi, wanaoniuliza kama waende Chamwino, nawajibu: nendeni, lakini si wote 20, wachague wanne au watano wenye subira, wachukue mablanketi na maji, wawe na siku mbili na si moja, na kabla ya kwenda mzijue nyimbo tatu za kwenu mpaka mwisho, maana mtaulizwa. Sare zingojee.

Tuliporudi nilimwendea mama mmoja mzee hapa Unyambwa, mwenye macho mabovu na sauti nzima. Nilimwomba wimbo wa uwele. Akaniuliza ninautakia nini, uwele wenyewe siku hizi watu wanaupeleka mashine. Kisha akaimba, akipiga goti lake kwa kiganja, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, ambao sisi tuliukosa. Katika wa nne akasimama. Akajaribu tena kutoka mwanzo, akasimama pale pale. "Hapa si sauti yangu," akasema. "Hapa aliingia wifi yangu kwa chini, mimi nilikuwa nikinyamaza. Yeye yuko Mtipa, na kama bado ana meno atawaimbia."

Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao tutakwenda Mtipa kwa miguu, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mama mzee tutampandisha baiskeli.