Kusudi Lako Halikubaki Ng'ambo

Somo: Matendo 18:1-3, 18-26, Warumi 16:3-5, Maombolezo 3:40



Tulivuka mto Rusizi kwa nyakati tofauti: wengine mwaka 1996, wengine wakati wa vita vya Bukavu mwaka 2004, wengine mwaka 2025. Aliyefika Kamembe usiku ameziona taa za Bukavu ng'ambo. Ukizitazama, moyo unauliza: "Kule nilikuwa mwalimu, nilikuwa fundi, nilikuwa na ng'ombe zangu. Hapa mimi ni nani?"

Mimi pia niliuliza. Kwa miezi mingi nilikataa kufundisha kwa sababu sikuwa na kanisa lenye kuta. Nilidhani utumishi wangu ulibaki kule pamoja na mimbari.

Familia iliyofukuzwa

Yapata mwaka 49, Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi watoke Rumi. Akila na mkewe Prisila wakaondoka, wakafika Korintho. Walikuwa washona mahema. Makao yao yalibaki Rumi, lakini ufundi walikuja nao. Kwa sababu ya kazi hiyo Paulo alikaa kwao. Baadaye, huko Efeso, walimchukua Apolo, mhubiri hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kisha tunawakuta tena Rumi, na kanisa linakutana nyumbani mwao. Miji ilibadilika, lakini kusudi lao lilikuwa lile lile: kupokea watu na kuwajenga.

Tusikosee hapa. Biblia haisemi kwamba amri ya Klaudio ilikuwa njema. Tusimwambie aliyefiwa kwamba vita vilikuja ili agundue karama yake. Vita ni dhambi ya wanadamu. Tunachosema ni hiki: dhambi hiyo haikuweza kutunyang'anya yote.

Jinsi ya kujichunguza

Kitabu cha Maombolezo kinawaita watu ambao mji wao umebomolewa wazichunguze njia zao. Tenga dakika 15 asubuhi, kabla ya kwenda kuteka maji. Omba, kisha ujiulize:

1. Nina nini mkononi? Ndivyo Mungu alivyomuuliza Musa, aliyekuwa amekimbilia Midiani (Kutoka 4:2). Alikuwa na fimbo ya kuchungia tu. Wewe hukubeba cherehani, lakini kushona unajua.

2. Watu hunijia kwa shida gani? Mara nyingi majirani huona karama yako kabla yako. Yuko mama anayeitwa kila mtoto anapougua usiku, naye husema, "Mimi sina kazi hapa."

3. Ni shida gani ya wengine inayoninyima usingizi? Nehemia alilia na kufunga kwa ajili ya Yerusalemu kabla ya kwenda kujenga ukuta (Nehemia 1:4).

Andika majibu, au mwambie mwenzako ayakumbuke. Ukiona jambo moja linarudi katika majibu yote matatu, anza nalo juma hili, hata kama ni dogo. Kwangu mimi lilianza na watoto sita chini ya shitingi na Biblia moja, tukijifunza kusoma.

Ndugu, wengi tunangoja: kurudi nyumbani, au jina kutoka kwenye orodha ya kwenda nchi nyingine. Kungoja si dhambi. Hatari ni kungoja mikono ikiwa imefungwa, mpaka watoto wetu waamini kwamba mkimbizi kazi yake ni kukaa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

- Kila mmoja amwambie mwenzake: "Karama ninayoiona kwako ni hii." Baba na mama waanze, kisha watoto.
- Ni nani jirani yetu anayehitaji kile tulichobaki nacho?

Tuombe: Bwana, utuonyeshe ulichotuachia mikononi, na utupe ujasiri wa kukitumia hapa hapa tulipo. Amina.