Kanisa Dogo Lipateje Waumini Wapya?

Wanachuo wenzangu, tuanze na hesabu. Chukulia kanisa dogo lililo jirani na chuo, lile linalosali kwenye darasa la kuazima au chini ya turubai. Tuseme lina waumini 40, na 30 kati yao ni wanachuo wa kozi ya miaka mitatu. Kila mwaka 10 wanahitimu, wanafungasha mabegi, wanaondoka. Wakija 10 wapya, kanisa halijakua, limebaki pale pale. Wasipokuja, baada ya miaka mitatu wamebaki watu 10 tu, na hao hata bili ya umeme itawashinda. Kwa hiyo suala hili si la mchungaji peke yake. Sisi ndio tunaolijaza kanisa hilo, na sisi ndio tunaoliacha tupu.

Tukiulizwa tufanyeje, wengi tunataja spika kubwa, mabango na mkutano wa injili. Havina ubaya, ila vinakula hela ambayo kanisa dogo halina. Zipo njia nne zilizo ndani ya uwezo wetu.

1. Anza na watu unaowajua

Mwaka 1965 wanasosholojia wawili wa Marekani, John Lofland na Rodney Stark, walichapisha utafiti juu ya kikundi kidogo cha dini mpya. Walitaka kujua watu wanaingiaje. Walikuta kwamba waliojiunga ni wale waliokuwa wamejenga ukaribu na mtu aliyemo ndani. Urafiki ulitangulia, mafundisho yakafuata.

Kwetu maana yake ni nini? Kila muumini aandike majina ya watu watatu anaoishi nao kila siku: mwenzake wa chumbani, wa kikundi cha kujisomea, mama ntilie anayemkopesha chakula. Halafu usiishie kusema "karibu kanisani". Sema, "Jumapili saa mbili na nusu nakupitia, twende wote." Mkifika kaa naye, mwonyeshe wimbo uko ukurasa gani, na mtoke wote.

Kuna mtego hapa. Mtu akishakaa kanisani miaka miwili, unakuta marafiki zake wote ni wa kanisani, hana tena wa kumwalika. Kwa hiyo usiache timu ya mpira ya kitivo eti kwa sababu umeokoka.

2. Mpe mgeni jina, kazi na kikundi

Wote tunajua inavyokuwa. Muda wa matangazo unafika, wageni wanasimama, wanapigiwa makofi, wanaimbiwa, wanakaa. Ibada ikiisha kila mtu anakimbilia daladala. Jumapili inayofuata mgeni hayupo, na hakuna anayekumbuka alikuwa anaitwa nani.

Hapa kanisa dogo lina bahati. Kwenye kanisa la watu 1,000 kuingia kwaya ni foleni, lakini kwenu anayejua kupiga kinanda anahitajika leo leo. Ndani ya mwezi mmoja mgeni awe na kitu cha kufanya: kupanga viti, kufunga spika, kusaidia darasa la watoto. Asiyekuwa na kazi ni rahisi kutoonekana, na asiyeonekana hatafutwi.

Awe na kikundi pia. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo. Wakagawanywa kwenye vikundi vya watu kama 12, kila kikundi na kiongozi wa kukusanya peni moja kwa mtu kila wiki. Viongozi walipopita majumbani wakaanza kugundua nani ana shida na nani ameanza kurudi nyuma. Mchango wa deni ukageuka kuwa utaratibu wa kulea watu, ukaenea kwa Wamethodisti wengine. Wakatoliki wa Afrika Mashariki nao, tangu miaka ya 1970, wamejenga jumuiya ndogo ndogo mitaani kwa mantiki inayofanana.

3. Saidia bila kutega

Bumu likichelewa, kuna watu chuoni wanalala na njaa kimya kimya. Kuna wenye sapu tatu wanaoogopa kudisko. Kanisa linaloweza kupika sufuria moja ya wali maharage, au kupanga mtu wa mwaka wa tatu amfundishe wa mwaka wa kwanza, linafanya kazi ambayo bango haliwezi.

Ila tahadhari: msaada ukiwa chambo, watu wanaunusa. Jirani yako Mwislamu akiumwa, mpeleke zahanati, mrudishe, basi. Na mwanafunzi mgeni aliye mpweke asibanwe aamue haraka. Akisema hapana, urafiki ubaki ulivyokuwa.

4. Tokeni nje ya geti

Likizo ndefu ikifika, kanisa la wanachuo watupu linafungwa. Mafundi, wapangishaji, bodaboda na akina mama wa gengeni hawahitimu, hao wanabaki. Ibada iwe ya Kiswahili kinachoeleweka, mahubiri yasijae mifano ya mitihani, na wazee wa kanisa wengine watoke mtaani. Tena kumvuta muumini wa kanisa la jirani si kukua, ni kuhamisha tu viti.

Msikatishwe tamaa na udogo. Katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Ukristo wa mwanzo, Stark alikadiria Wakristo 1,000 mwaka 40, na milioni 6 hivi kufikia mwaka 300. Ongezeko linalohitajika kufika huko ni asilimia 40 kila miaka kumi, yaani asilimia 3.4 hivi kwa mwaka. Kwa kanisa la watu 40, hiyo haifiki hata watu wawili kwa mwaka, mkishajaza nafasi za waliohitimu.

Maswali ya kujadili

1. Kati ya waliosimama kama wageni semista iliyopita, mnawajua wangapi kwa majina, na wako wapi sasa?
2. Likizo ndefu ijayo, nani atafungua mlango wa kanisa Jumapili?
3. Anayehitimu mwaka huu, nani anamkabidhi kazi yake kabla hajaondoka?